Tuzo si Ujira

Katika pwani yetu ipo methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ni methali njema, na yamkini wazee waliotuachia walikuwa watu wa haki. Lakini leo nashika kalamu kuiteta. Si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa watu wengi wameigeuza pazia la dhuluma. Wamelishika neno moja, kutuzwa, wakalitumia kulifukuza neno jingine ambalo ni kubwa zaidi, nalo ni kulipwa. Tuzo ni hisani ya msikilizaji aliyeguswa moyo. Hutolewa akipenda, na huzuiwa akipenda. Ujira ni haki ya mfanyakazi; hauna penda wala sipendi. Mtu anayempa mwenziwe tuzo mahali pa ujira ni sawa na mdeni ambaye, badala ya kulipa deni lake, hutoa sadaka na kungoja kushukuriwa.

Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa kijana nilipewa ruhusa kubeba fidla ya mzee mmoja wa Likoni, ambaye jina lake nalisitiri. Walikuwa watu watano: mpiga udi, mpiga fidla, mpiga kinanda, mpiga tabla, na mwimbaji. Siku hiyo walialikwa arusini Changamwe. Tulivuka feri alasiri, tukapita kisiwani, tukavuka tena Makupa, tukafika jua linakuchwa. Wale watano waliketi mkekani wakakaza nyuzi zao, nao walipiga mpaka usiku ukachakaa. Watu walilia kwa nyimbo za huzuni na wakacheka kwa nyimbo za mafumbo. Mwimbaji alituzwa noti nyingi. Karibu na alfajiri mwenye shughuli alimpa mzee wetu nusu ya fedha walizopatana. Mzee alipouliza habari ya nusu ya pili, alijibiwa, "Sheikhe, si mmetuzwa? Tena pilau mmekula mkashiba." Mzee akasema kwa upole, "Bwana, pilau ni ya mgeni. Sisi tulikuja kazini." Hakusema zaidi. Tulirudi kwa feri ya asubuhi, na njia nzima mpiga fidla alikuwa akiutazama uzi mmoja uliokatika, akihesabu atapata wapi fedha ya kununua mwingine.

Maneno ya mzee yule ndiyo asili ya insha hii. Pilau ni ya mgeni. Mfanyakazi ana chake. Lakini mwenye shughuli yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa ibada na mkarimu kwa jirani zake. Fundi aliyejenga turubai lake alimlipa yote, na mpishi alimlipa yote, na mwenye viti alimlipa yote. Kwa nini aliwapunja wapigaji peke yao? Aliwapunja kwa sababu moyoni mwake hakuwahesabu kuwa walikuwa katika kazi. Aliona wanacheza. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulipiga vita: kosa la kuamini kwamba jambo linalompendeza msikilizaji haliwezi kumgharimu mtendaji.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Muziki ninaoutetea si ule wa viwanja na maelfu ya watu. Ni muziki wa watu wachache katika chumba kimoja, kila mmoja na ala yake, na kila mmoja akisikika peke yake. Wazungu wana muziki wa namna hiyo, ambao fidla mbili, fidla kubwa yenye sauti nzito kidogo, na selo hukutana wakapiga pasipo kiongozi wa kuwapungia fimbo. Sisi tuna taarabu ya asili. Ilitunzwa katika jumba la masultani wa Unguja kabla haijaingia mitaani, na husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri ili ajifunze kanuni. Mwaka 1905 vijana wa Unguja waliunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka 100. Mtu asituambie, basi, kwamba muziki huu ni upuuzi wa jana.

Hata hapa Mombasa umekuwa na mabingwa wake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makazi yake Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016, aliupiga udi kwa ustadi ambao wageni walisafiri kuja kuusikia. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi yaliyokaribiana na ya Kihindi, na mengi ya maneno yake yalitungwa na nduguye malenga Ahmad Nassir. Wawili hao walikuwa na njia mbili mbalimbali, lakini arusi za pwani ziliwapokea wote wawili kwa heshima.

Sasa tazama ugumu wa ala zenyewe. Udi hauna alama shingoni za kumwonyesha mpigaji pa kuweka kidole. Gita huonyesha, udi hunyamaza. Aghalabu una nyuzi 11, kumi zikiwa zimepangwa mbili mbili na moja iko peke yake, na kidole kikikosea kwa upana wa ukucha sauti huharibika. Tena muziki huu una makamu, kama Rasti, Bayati na Hijazi, ambayo baadhi ya sauti zake hukaa katikati ya vibao vya piano, hata piano haiwezi kuzitamka. Sikio la mpigaji ndilo dira yake, na sikio hilo hufunzwa kwa miaka. Kanuni nayo ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu, ambazo hukazwa na kulinganishwa moja moja kabla ya kupigwa. Nani kati yetu angemwita mvivu fundi wa jahazi ambaye hupima ubao wake mara 70 kabla ya kuupigilia msumari?

Labda msomaji utasema, "Nimekubali kwamba ni ufundi, lakini mbona hautajirishi?" Swali hili ni la haki, na sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Tupige hesabu, nayo ni hesabu ya mfano tu. Tuseme watu watano wamepatana shilingi 30,000 kwa usiku mmoja. Gari litachukua 4,000, na ukodi wa vipaza sauti 6,000. Zinabaki 20,000, na kila mmoja atapata 4,000. Je, amefanya kazi saa ngapi? Mazoezi ya pamoja jioni mbili, saa tatu kila jioni, ni saa sita. Arusi ni saa tano. Safari ni saa mbili. Mazoezi ya peke yake, saa moja na nusu kwa siku sita, ni saa tisa. Jumla ni saa 22. Gawa 4,000 kwa 22, na kila saa haifiki hata shilingi 185. Na hapo mwenye shughuli amelipa yote. Akilipa nusu, baada ya gari na vipaza sauti, kila mtu atapata shilingi 1,000 tu, yaani shilingi 45 kwa saa. Mwenye kupunja nusu ya malipo, kumbe, amempokonya mpigaji robo tatu ya riziki yake, kwa sababu gari na vipaza sauti havipunguzi bei kwa huruma.

Hesabu hiyo inatisha, lakini haijakamilika. Katika nchi zote ambazo muziki wa chumbani umestawi, mpigaji amekuwa na mguu wa pili, nao ni ualimu. Tuseme yule yule mpiga udi ana wanafunzi wanane, na kila mmoja humlipa shilingi 500 kwa somo moja la wiki. Hizo ni 4,000 nyingine kwa saa nane tu. Arusi huja na kwenda. Hufurika katika miezi fulani na kukauka katika mwezi wa Ramadhani. Lakini mwanafunzi aliyepania kujua hubisha hodi kila Jumamosi. Kupiga humpa mwalimu jina, na jina humletea wanafunzi. Kufundisha humpa mpigaji chakula, na chakula humpa nguvu ya kupiga. Ni makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Mwenye kuvuta kasia moja huzunguka palepale.

Hapa nakutana na adui wa pili, ambaye hujiita mwerevu. Yeye husema kwamba anayefundisha ni yule aliyeshindwa kutenda. Ujinga ulioje! Johann Sebastian Bach alikuwa mtumishi wa muziki na mwalimu katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu 1723 mpaka alipofariki 1750. Mozart alipohamia Vienna mwaka 1781 alifundisha piano ili apate kuishi, naye alikuwa mpigaji ambaye miji ilimgombania. Joseph Haydn, aliyetunga zaidi ya vipande 60 vya ala nne za nyuzi, aliingia mwaka 1761 katika utumishi wa nyumba ya Esterházy kwa mkataba ulioandikwa. Mkataba huo ulimwajibisha kuwafundisha waimbaji wa kike, na mshahara wake wa mwaka ulitajwa ndani yake. Haydn alihesabiwa kuwa mtumishi na alivishwa sare ya watumishi. Lakini hata mtumishi huyo hakuambiwa kwamba pilau inamtosha. Joseph Joachim, bingwa wa fidla, aliunda kundi lake la watu wanne mjini Berlin mwaka 1869 huku akiongoza chuo cha muziki. Je, watu hawa walishindwa?

Wala tusidhani kwamba ni mambo ya Ulaya tu. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba, akauza vyungu kabla ya kuimba. Hakuzuka mbinguni na nyimbo zake. Alifunzwa na wapigaji wa mjini, akaketi chini kama mwanagenzi yeyote, na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Kama waalimu wa Siti wangesema kwamba kufundisha ni kazi ya walioshindwa, Siti angekufa na vyungu vyake, na sisi tungekuwa maskini bila kujua tumepoteza nini.

Adui wa tatu ni mzazi, na kwake nitasema kwa adabu, kwa kuwa hofu yake inatokana na mapenzi. Mama wa Kisauni humwona mwanawe amekumbatia fidla na moyo wake hushtuka. "Mwanangu," husema, "utakula nyuzi hizo?" Anajua jirani aliyekuwa mpigaji akafa na deni dukani. Simlaumu kwa kuogopa; namlaumu kwa kumwogopa asiyestahili. Jirani yule hakuuawa na fidla. Aliuawa na desturi ya kumlipa nusu, ya kutoandikiana mkataba, na ya kutokuwa na mahali pa kufundisha. Mvuvi akifa kwa mtumbwi mbovu hatusemi bahari isivuliwe. Twasema mtumbwi utengenezwe.

Yupo pia anayejiepusha na ala kwa ajili ya imani yake. Huyo simgusi hata kwa neno moja. Mwenye kujizuia kwa dini yake ana heshima yangu, na tena ni mwaminifu, kwa kuwa haalikwi arusini akasikiliza kisha akakataa kulipa. Ugomvi wangu ni na yule mwingine: anayealika wapigaji mwenyewe, akafurahi mpaka alfajiri, na fedha zinapodaiwa ndipo akumbukapo kwamba muziki ni jambo la kipuuzi. Uchaji unaoanza wakati wa kulipa deni si uchaji. Ni ubahili uliovaa kanzu.

Sasa nisiwe mwoga nikawasema wengine tu. Wapigaji wenyewe wana makosa, na insha inayowasitiri si rafiki yao. Wako wanaoalikwa saa mbili wakafika saa nne. Wako wanaopatana bei kwa mdomo, njiani, mbele ya mtu asiye shahidi, kisha wakalia kwamba wamedhulumiwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawana daftari. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni choyo cha elimu. Wako mafundi waliojua makamu na nyimbo za kale ambao walikataa kumwonyesha kijana, wakiogopa kwamba kesho atawapokonya arusi. Wakafa, na walichokificha kikazikwa nao. Walijidhani wanalinda shamba. Kumbe walikuwa wakichoma mbegu. Kijana aliyenyimwa udi hakukaa kimya. Alinunua kinanda cha umeme, akabonyeza kitufe kimoja kikatoa ngoma, fidla na filimbi pamoja, akaenda arusini peke yake kwa bei ya mtu mmoja. Leo wapigaji watano wanakilaani kinanda hicho. Wangefundisha, wangekuwa na warithi. Walipokataa, walijiletea mshindani.

Nasikia sauti ikisema kwamba vijana wa ng'ambo hawana haja na mambo haya. Likoni yataka feri, Changamwe yataka kazi, Kisauni yataka maji, na wewe unatuletea fidla! Najibu kwamba sikuja kuondoa maji niweke fidla. Nimekuja kuzungumza juu ya kazi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa miaka ya 1960, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kazi ambazo babu zetu waliziona kuwa imara kama mawe zimeonekana kuwa na mwisho. Katika nchi ambayo hata kiwanda cha chuma hukoma, ni haki gani kumwambia kijana kwamba ustadi wa mikono yake, ambao hakuna awezaye kuufunga kwa kufuli, ndio usio na maana?

Tena, watoto wa mitaa iliyosahauliwa wameonyesha mara nyingi kwamba wanaweza. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, mwaka 2008 ulianzishwa mpango wa Ghetto Classics wa kuwafundisha watoto fidla na tarumbeta na ala nyingine, nao umepata wanafunzi ambao sasa hufundisha wadogo zao. Nairobi pia ina chuo cha muziki kilichoanzishwa tangu 1944. Lakini Nairobi iko kilomita 480 hivi kutoka Likoni. Kumwambia mtoto wa Mtongwe kwamba elimu ipo Nairobi ni kumwonyesha mwenye njaa moshi wa jiko la jirani.

Mfano ulio karibu na mila yetu uko Unguja. Mwaka 2001 ulianzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kilifundisha udi, kanuni, fidla na ngoma katika jengo la Forodha Kongwe, na waalimu wake walikuwa wapigaji. Hicho ndicho kitu ninachokililia. Lakini hadithi yake ina onyo pia. Mwaka 2019 chuo hicho kilifika ukingoni mwa kufungwa kwa kukosa fedha, baada ya msaada wa wafadhili wa nje kupungua. Fundisho ni nini? Ni kwamba elimu inayotegemea mkono wa mgeni hulala siku mgeni akienda zake. Na huko ng'ambo ya bahari, Oman, ambako wengi huzungumza Kiswahili mpaka leo, Sultani Qaboos aliunda mwaka 1985 okestra ya vijana wa nchi yake, wakafundishwa tangu utotoni na kuajiriwa. Hapo dola yenyewe ilitamka kwamba muziki ni kazi. Hatuna hazina ya mafuta ya Oman, lakini kutamka hakununuliwi kwa mafuta.

Basi twataka nini? Nataja mambo manne, nami sitaji lisilowezekana.

La kwanza, mkataba. Arusi yoyote inayokodi wapigaji na iandike karatasi moja: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, bei, na nani atalipa gari. Nusu ilipwe kabla, nusu kabla ya wimbo wa mwisho. Tuzo iendelee, kwa maana ni desturi nzuri. Lakini iwe juu ya ujira, isiwe mahali pake.

La pili, mahali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti madaraka ya mambo ya utamaduni, na pia imeziachia vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo hayo mawili yako katika mkono mmoja. Mkono huo na uyaunganishe. Chuo cha ufundi kinachofundisha useremala kinaweza kufundisha kutengeneza udi, kwa kuwa udi ni kazi ya seremala kabla haujawa kazi ya mpigaji. Chumba kimoja Likoni, kimoja Kisauni, kimoja Changamwe, na mwalimu mmoja anayelipwa katika kila kimoja: huo si utajiri wa kuogopesha hazina.

La tatu, shule. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na mpango mpya wa elimu umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Njia imeandikwa, lakini njia iliyoandikwa katika karatasi haipitiki kama hakuna mwalimu wa kuongoza. Shule isiyo na mwalimu wa udi na ikodi fundi wa mtaani kwa saa chache kila wiki, na imlipe, hata kama hana cheti. Cheti ni ushahidi wa elimu. Si elimu yenyewe. Fundi aliyepiga miaka 40 ana ushahidi katika vidole vyake.

La nne ni lenu ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi, na ndilo zito kuliko yote. Katika wenu yupo ambaye moyo wake huruka anaposikia fidla ikikazwa. Kwake nasema: usiniamini upesi. Kazi hii itakuomba saa za usiku, subira ya mvuvi, na miaka kabla haijakupa jina. Kama unatafuta sifa peke yake, ngoma ivumayo haidumu. Tafuta kitu kingine. Lakini kama umeamua, jifunze mambo mawili pamoja: kupiga na kufundisha. Siku utakapojua wimbo mmoja vizuri, mtafute mdogo wako umfundishe huo mmoja. Jifunze hesabu, maana wapigaji wengi walidhulumiwa kwa kutojua kugawa. Jifunze kuandika, ili mkataba usikushinde. Na usiingie arusini kwa mlango wa wageni ukiwa umekwenda kazini.

Na wewe usiye na hamu ya kupiga, usidhani umesalimika. Wewe ndiye utakayeoa au kuolewa, na utakayeozesha. Siku moja wapigaji watano wataketi mkekani kwako, na alfajiri mkono wako utaingia mfukoni. Hapo hakutakuwa na mwandishi wala mwalimu wa kukutazama. Utakuwa peke yako na haki ya watu watano waliovuka feri.

Mzee niliyembebea fidla amekwisha fariki. Fidla yake haikupata mrithi katika nyumba yake. Wanawe waliona alivyolipwa, wakachagua kazi nyingine, wala siwezi kuwalaumu. Hakufa kwa kukosa sifa. Sifa alikuwa nazo tele, na arusi zote za ng'ambo zilimjua jina. Alichokosa ni kile ambacho mpishi, fundi wa turubai na mwenye viti hawakukikosa hata siku moja. Methali ilimwahidi kwamba mcheza kwao hutuzwa, na kweli alituzwa. Sisi watu wa kwao ndio tuliosahau kumlipa.